MAARIFA YA NYUMBANI: Pikipiki Inayokataa Kuwaka Ikiwa Kwenye Gia



Juma hili tutazame taabu moja ya pikipiki iliyowatoa watu wengi fedha bure. Pikipiki ikiwa frii, yaani hakuna gia yo yote iliyoshika, yawaka vizuri. Lakini ikizimika njiani hali imo kwenye gia namba 1 au 2, mwenyewe hubana klachi, akapiga kiki au akabonyeza stata, nayo isiwake. Kijana wa bodaboda, abiria yuko mgongoni na jioni mwenye chombo aingojea hesabu yake, huona siku yake imeharibika. Vivyo hivyo katekista aliyeitwa kwa mgonjwa katika kigango cha mbali. Chombo hukokotwa mpaka kwa fundi, na kama fundi si mwaminifu, injini hufunguliwa.

Kwanza jueni hivi: ikiwa pikipiki yawaka upesi ikiwa frii, basi petroli inafika na moto wa plagi upo. Msikubali kununua plagi mpya wala kufunguliwa kabureta kwa ugonjwa huu. Sababu yake hutafutwa mahali patatu: katika klachi, katika namna chombo kilivyoundwa, na katika swichi za ulinzi.

Anzeni na klachi, maana kuipima hakugharimu hata senti moja. Zimeni injini, tieni gia namba 1, baneni klachi mpaka mwisho, kisha isukumeni pikipiki mahali tambarare. Ikienda kwa wepesi, klachi inaachia vema. Ikiwa nzito, kana kwamba breki imeshika, klachi haiachii sawasawa. Hapo kiki au stata yalazimika kuzungusha injini pamoja na gurudumu la nyuma, nayo hushindwa.

Mara nyingi kosa ni waya wa klachi uliolegea. Tazameni mkono wa klachi: katika pikipiki nyingi ncha yake yapaswa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukicheza zaidi, legezeni nati ndogo pale mkononi, zungusheni kirekebishio, kisha kazeni tena. Kama hapo pamefika mwisho, kiko kirekebishio kingine upande wa injini. Lakini msikaze mpaka mkono usicheze kabisa, kwani klachi itateleza na pleti zake zitaungua. Na kama nyuzi za waya zimeanza kukatika, nunueni mpya mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kugandisha pleti za klachi. Iwasheni ikiwa frii, ipate moto, kisha izimeni. Tieni gia namba 2, baneni klachi, mkaisukume mbele na nyuma mpaka ziachane. Angalieni na oili pia. Katika pikipiki nyingi klachi huoga oili ile ile ya injini, na ikiwa imechakaa au ni nzito kupita kiasi, pleti hushikana.

Pengine mmeisukuma nayo ikaenda kwa wepesi, lakini mkipiga kiki chombo chasogea mbele na injini haizunguki. Huo si ugonjwa, ni maumbile ya chombo. Katika baadhi ya pikipiki nguvu ya kiki hupita kwenye gia na klachi kabla ya kufika kwenye injini. Ukibana klachi umeikata njia hiyo, na nguvu yote yaenda gurudumuni. Chombo cha namna hii sharti kirudishwe frii kila mara, wala hakuna fundi awezaye kukitengeneza kwa sababu hakikuharibika.

Sasa swichi za ulinzi. Pikipiki nyingi zenye stata zina swichi ya frii, ile iwashayo taa ya kijani, na swichi ndogo chini ya mkono wa klachi. Baadhi zina ya tatu kwenye stendi ya pembeni. Ukibonyeza stata kwenye gia pakawa kimya kabisa, ichunguzeni swichi ya klachi na waya zake. Ikiwa injini yawaka frii lakini yazimika mara mtiapo gia, tazameni kama stendi imepandishwa. Ikiwa imepanda, isafisheni swichi yake, maana matope ya barabara zetu huiziba. Maji na brashi laini vyatosha, kisha ikauke.

Hapa nawasihi sana. Wako watu wanaoikata swichi ya stendi na kuunganisha waya moja kwa moja, wakisema wamemaliza taabu. Taabu wameianzisha. Swichi ile imewekwa ili mtu asiondoke stendi ikiwa chini. Akiondoka hivyo, kwenye kona ya kushoto stendi yaweza kugonga ardhi na kumwangusha pamoja na abiria wake, labda mama mwenye mtoto mgongoni. Swichi ikifa, nunueni nyingine.

Chombo kikizimika mlimani, shikeni breki ya mbele, baneni klachi, mkaitafute frii kwa mguu. Pikipiki nyingi frii iko kati ya namba 1 na namba 2. Nyingine iko kabla ya namba 1. Gia ikikataa kutoka, teteseni chombo kidogo mbele na nyuma mkiwa mmekanyaga, itatoka. Hata mwenye pikipiki iwezayo kuwaka kwenye gia afadhali azoee kuiwasha frii, maana klachi mbovu au mkono ulioteleza huirusha mbele, na huenda mbele pana watoto wanacheza.

Fundi mwema astahili ujira wake. Lakini pimeni kwanza wenyewe, mkifika kwake mumweleze mlichokiona, naye atajua pa kuanzia.

Mungu awalinde njiani. Tuonane juma lijalo.