Kupima Tezi Dume si Kuhesabu Vichwa

Imezuka tabia miongoni mwa baadhi ya watendaji ya kuamini kwamba vita dhidi ya saratani ya tezi dume hupiganwa kwa mahema na vipaza sauti. Siku hupangwa, mgeni rasmi hualikwa, wanaume hutolewa damu, na jioni taarifa huandikwa kwamba watu kadha wa kadha “wamefikiwa”. Kesho yake hema hung’olewa. Yatakayomfika yule aliyeambiwa kwamba damu yake ina kasoro, taarifa haisemi.

Ugonjwa wenyewe si wa kufanyiwa mzaha. Ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Tanzania. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa wagonjwa wapya duniani wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040. Hakuna basi anayepinga hatua kuchukuliwa. Linalopingwa ni kuita hatua kitu ambacho si hatua.

Ichukuliwe Zegereni, eneo la viwanda la Kibaha, na hema lisimikwe hapo. Kipimo cha PSA hutazama protini moja katika damu. Protini hiyo hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia tezi inapovimba kwa uzee tu, au inaposhikwa na maambukizo. Na wapo wenye saratani ambao kiwango chao ni cha kawaida. Namba ile basi ni swali. Jibu hupatikana kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, kwa kinyama kinachokatwa kwenye tezi, na kwa mtaalamu wa kukisoma kwa hadubini. Kwa mtu wa Zegereni safari hiyo hupitia Hospitali ya Tumbi, na akihitaji mionzi huishia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kila hatua ina nauli yake, foleni yake na siku yake ya kazi iliyopotea. Kibarua alipwaye kwa siku, nani amemwuliza kama ataweza?

Wenye uwezo nao walijikwaa. Marekani ilipima kwa wingi, hata mwaka 2012 jopo lake la ushauri wa kinga likasema upimaji wa jumla uachwe, kwani wengi walikuwa wakitibiwa saratani ambazo zisingewadhuru, kisha wakabaki wakivuja mkojo au wamepoteza nguvu za kiume. Mwaka 2018 ushauri ulilegezwa: mwenye miaka 55 hadi 69 aamue baada ya kuelezwa na daktari wake. Kuelezwa! Ndani ya hema lenye foleni ya watu mia mbili, maelezo hayo hutolewa saa ngapi?

Watetezi wa mahema hudai kuwa afadhali kidogo kuliko kukosa kabisa. Hoja hii ni hafifu. Aliyeachiwa namba bila njia hurudi nyumbani na hofu, na jirani zake hujifunza kwamba kupima ni kujitafutia balaa. Siku mmoja wao atakapokojoa damu, atajificha. Mfano mwema umo humu humu nchini. Katika saratani ya mlango wa kizazi, mama hupimwa, na dalili za awali zikionekana aweza kutibiwa siku ile ile. Kipimo kimefungwa pamoja na tiba.

Waanze basi wenye dalili: wanaoamka usiku mara kwa mara, mkojo wenye damu, maumivu ya mifupa yasiyoisha, na wale ambao baba au ndugu zao waliugua. Kabla ya hema lolote kusimikwa, halmashauri itamke kwa maandishi Tumbi itaweza kukata vinyama vingapi kwa mwezi, fungu lipi litamlipia asiye na bima, na mtumishi yupi atawafuatilia walioitwa wasirudi. Daftari la majina libaki kwenye zahanati, na mganga mkuu wa halmashauri aulizwe hesabu yake na madiwani kila robo mwaka.