Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone Vipi?

Napinga desturi ya klabu zetu za picha kualika wapiga picha mashuhuri waje kutuhutubia. Najua wenzangu watanuna, maana wengi bado wanazo picha walizopiga wakiwa bega kwa bega na mgeni wetu wa mwisho. Lakini nimekaa kwenye benchi mihadhara mitatu, tangu wa kwanza hadi wa tatu, na sijatoka na kitu nilichoweza kukifanya kesho yake.

Kwa asiyeijua, klabu yetu ni vijana kumi na wanne, kamera moja ya mtumba ambayo betri yake inakufa baada ya picha thelathini hivi, na simu za wale wenye simu. Tunakutana Jumamosi katika chumba cha darasa hapa Cyanzarwe, wilayani Rubavu, mahali ambapo mtu akitoka nje anaona mashamba ya viazi, mawe meusi ya volkano, na mbingu ikiwa safi, Nyiragongo wenyewe ukitoa moshi upande wa Kongo. Kwa mpiga picha, ni utajiri. Mgeni alipofika hakutoka nje hata kidogo. Tulifunga mapazia ili projekta yake ionekane vizuri.

Alituonyesha sokwe wa milimani, twiga wa Akagera na harusi za watu wenye nafasi zao mjini Kigali. Akatutajia bei ya lenzi yake, tukaguna kwa pamoja. Alimsifu sana Sebastião Salgado, yule Mbrazili, akasema ndiye mwalimu wa wote. Sawa. Ila hakusema kwamba mwaka 1994 Salgado alipiga picha katika kambi za wakimbizi za Goma, ng'ambo tu ya mpaka huu ulio karibu nasi, wala kwamba mambo aliyoyaona miaka ile yalimuumiza hata akaiacha kamera kwa muda, akarudi kwao kupanda miti. Hilo lingetufaa, sisi tunaoishi mahali ambapo watu huja kupiga picha pale tu kunapotokea balaa.

Alizungumza saa moja na dakika arobaini. Maswali yalipewa dakika kumi. Mwenzetu mmoja, msichana wa kidato cha nne, akauliza: "Mbona nikimpiga picha bibi yangu akiwa mbele ya nyumba, uso wake unakuwa mweusi kama mkaa na mbingu inakuwa nyeupe tupu?" Mgeni akatabasamu, akajibu kwamba siku moja, Mungu akijalia, atanunua kamera nzuri.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Kwanza si kweli. Kamera, hata ile ya bei mbaya, hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Mbingu ikijaza nusu ya picha, kamera hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayeumia ni bibi. Katika simu nyingi dawa yake ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo na kuvuta alama ya jua juu kidogo. Au umgeuze bibi aelekee kwenye mwanga. Au umweke mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, na mtu mwingine ashike shuka jeupe kando yake. Haya yote nilifundishwa na mzee mwenye studio ndogo sokoni Gisenyi, ambaye kazi yake ni picha za pasipoti, za ubatizo na za harusi za watu wa kawaida. Alinifundisha akiwa anakata picha kwa mkasi, bila projekta, na hakuna klabu iliyowahi kumwalika.

Pili, swali lile lina historia ambayo mtaalamu alipaswa kuijua. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi waliyoiita "Shirley". Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha sura ya kawaida. Kwa hiyo msichana wetu hakuuliza swali la kitoto. Aliuliza swali ambalo wenye viwanda walichelewa sana kulijibu.

Watasema: "Lakini mgeni anatutia moyo." Mwalimu wetu mlezi husema hivyo, naye namheshimu. Hata hivyo, moyo tunao tayari. Tunachokosa ni mtu wa kukaa chini, kushika picha zetu moja moja na kusema hii ni mbaya kwa sababu hii. Siku ile tulikuwa tumebandika picha ishirini na mbili kwenye ukuta wa nyuma. Mgeni alizipa mgongo tangu alipoingia hadi alipoondoka. Tulimchangia nauli, chakula cha mchana na Fanta, fedha ambazo zingetosha kusafisha picha za jirani zetu wote wa karibu na shule.

Wala sisemi kwamba mgeni hafai kwa kuwa ni mgeni. Hapa hapa Gisenyi tunao mfano. Mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek alikuja katika kituo cha yatima cha Imbabazi, alichokianzisha Bibi Rosamond Carr mwishoni mwa 1994, akawapa watoto kamera za kutumia mara moja. Watoto walipiga wanachokitaka: wenzao, mlima, nguo zilizoanikwa. Picha zilisafishwa zikatundikwa kwenye kuta zao wenyewe kwanza, kabla hazijaonyeshwa Kigali na ng'ambo. Jiranek alifariki mwaka 2003, na wengine wakaiendeleza kazi yake. Angeweza kuja na projekta. Alikuja na kamera, akaziacha mikononi mwa watoto.

Sasa nifike kwenye lile lililonikera zaidi. Kati ya picha za mgeni wetu ilikuwapo moja ya mafuriko ya Sebeya, yale ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 yaliyoua watu zaidi ya 130 katika nchi yetu. Mama mmoja amesimama kwenye tope, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, na nyuma yake hakuna nyumba. Mwenzetu mmoja akanong'ona, "Huyo ni shangazi." Maji yalichukua kila kitu cha shangazi huyo, pamoja na albamu ya harusi yake na picha za marehemu mumewe. Hana picha yoyote ya maisha yake ya kabla ya siku ile, na ule mlango ndio kitu pekee kilichobaki cha nyumba aliyojengewa na mumewe.

Mwenzetu akasimama, akaomba kwa adabu kama anaweza kupata nakala ampelekee. Mgeni akasema picha ile si yake tena, ni ya shirika lililoinunua, na kuna utaratibu. Kisha akabonyeza, akaja twiga.

Nauliza: mtu huyo alikuja kutufundisha nini? Kama mkutano ujao utaamua tena kumwalika mtaalamu, mimi nitapiga kura ya hapana, isipokuwa akubali kuanza na ukuta wetu wa nyuma, na kila picha ya mtu wa Rubavu atakayotuonyesha aje na nakala yake ya karatasi kwa mwenyewe. Na kabla yake aitwe yule mzee wa sokoni. Nimekwisha kumuuliza, amesema Jumamosi anafunga studio saa nane.

Kuhusu shangazi: mmoja wetu alikuwa ameipiga picha ile kwa simu pale ukutani, kabla twiga hajaja. Imepinda, na pembeni kinaonekana kichwa cha mtu aliyekaa benchi la mbele. Mzee wa studio aliinyoosha kadiri alivyoweza, akaisafisha kwa ukubwa wa daftari na akakataa malipo. Shangazi ameitundika. Anasema kile kichwa hakimsumbui.