Waacheni watoto wajenge wenyewe

Muhula uliopita binti yangu, aliye katika Gredi ya Sita, aliagizwa apeleke shuleni mfano wa chombo cha usafiri. Baadhi ya majirani zetu hapa Donholm walinunua mifano iliyokwisha tengenezwa. Sisi tuliamua kujenga reli ya kadibodi juu ya ubao, pale pale sebuleni.

Kabla ya kukata chochote, ilitubidi tupange. Tulichagua kipimo cha moja kwa mia. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899, ina upana wa mita moja. Kwetu ikawa sentimita moja. Binti yangu alitaka njia yote, Mombasa hadi Nairobi. Nikamwambia apige hesabu. Zile kilomita 530 hivi zikawa kilomita 5.3! Alicheka, kisha akachagua stesheni ya Donholm peke yake. Hapo alitambua kwamba kupanga ni kujua la kuacha.

Kona ya kwanza tuliikunja mno, mabehewa yakaanguka. Tuliibomoa na kuichora upya kwa uzi na penseli. Aliponiuliza kwa nini treni ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2017, haiwezi kupita humo, nilimpa rula. Mita 1.435 zikawa milimita 14 na ushei, na njia yetu ni ya milimita 10. Alijijibu mwenyewe. Na alipokosa jina la vile vipande vinavyolaliwa na reli, nilimtajia: mataruma. Hatalisahau, kwa maana aliyagundisha moja moja kwa mikono yake.

Siku ya kukabidhi kazi, mifano ya dukani ndiyo iliyosifiwa. Yetu, iliyopinda kidogo, ilipata alama za chini. Simlaumu mwalimu, wanafunzi ni wengi na muda ni mchache. Hata hivyo, tukizidi kutuza mng'aro, tutawazoeza wazazi kununua na watoto kutazama tu.

Nawasihi walimu wenzangu: mwulizeni mtoto alipima vipi, alikosea wapi na alirekebisha nini. Aliyenunuliwa hatakuwa na jibu. Nanyi wanafunzi, msione haya mabehewa yenu yakianguka. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.