Entropi Ni Kuhesabu Tu, Wasee

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa tatu, CAT ya kwanza ya thamodainamiki ya takwimu, nilipata 7 kwa 30. Na fomula nilikuwa nayo kichwani: S = k log W, ile imechongwa kwa kaburi la Ludwig Boltzmann huko Vienna. Lakini ungeniuliza W ni nini, ningekukodolea tu macho.

W ni idadi ya njia. Basi. Hiyo niliielewa hosteli, nikicheza na sarafu za chenji. Rusha sarafu 10: matokeo yanayowezekana ni 1,024. Zote kutoka kichwa, njia ni 1. Vichwa 5, njia ni 252. Nusu kwa nusu haina uchawi wowote, iko na njia nyingi tu. Sasa toa sarafu, weka molekuli za hewa kwa rumu yako. Zote zinaweza kujazana kona moja, hakuna sheria inazikataza, lakini njia za kufanya hivyo ni chache mno hadi hutawahi kuiona. Chai hupoa kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu nikakumbuka jekipoti. Mimi nilikuwa nacheza ile ya mechi 17 kila wikendi, na pesa ya HELB. Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hivyo njia ni 129,140,163. Utaniambia mechi si sarafu, wewe unajua mpira. Sawa. Tuseme unapatia mechi 6 kwa kila 10. Kupatia zote 17 bado ni kama mara 1 kwa tiketi 5,900. Tiketi moja kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 110. Niliacha siku hiyo.

Ndiyo maana nakasirika tukiambiwa hii kozi "ni ya wenye vichwa." Hapana. Tunaanzishwa na intigrali kabla ya kufundishwa kuhesabu, tunakremu, tunafeli, halafu tunajiona wajinga. Wahadhiri wetu, tunawaheshimu, lakini wiki ya kwanza leteni sarafu darasani.

Na wewe komredi, usikubali herufi ipite ubaoni kama hujui inahesabu nini. Inua mkono. Wenye watakucheka pia hawajui.