Mvumilivu Alikula Nini?

Kuna wanaosema besiboli haisimuliki kwa Kiswahili. Haya, tujaribu.

Kwanza msamiati. Timu moja inarusha mpira, nyingine inaupiga kwa gongo, kisha zinabadilishana. Zote mbili zikishapata nafasi ya kupiga, zamu moja imekwisha. Mchezaji akizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani alipoanzia, timu yake inapata pointi. Mechi ina zamu 9. Zikiisha kwa sare, zinaongezwa mpaka mshindi apatikane.

Sasa twende Pawtucket, jimbo la Rhode Island, Jumamosi tarehe 18 Aprili 1981. Wenyeji, Pawtucket Red Sox, wanawakaribisha Rochester Red Wings. Timu zote mbili ziko ngazi moja chini ya ligi kuu, na wachezaji wao wanangoja kuitwa huko juu. Watu 1,740 wamefika uwanja wa McCoy. Taa zinasumbua, mechi inachelewa.

Rochester wanapata pointi zamu ya 7. Pawtucket wanasawazisha zamu ya 9. Zamu ya 21 Rochester wanaongoza tena. Wade Boggs anasawazisha. Baridi inauma, upepo unairudisha mipira iliyopigwa mbali. Wachezaji wanachoma magongo yaliyovunjika ili waote moto. Pasaka inaingia na bado wanacheza, kwa kuwa kitabu cha kanuni walichonacho waamuzi hakina kifungu cha kusimamisha mechi usiku. Hatimaye rais wa ligi anapatikana kwa simu. Saa 10 na dakika 7 alfajiri, baada ya zamu 32, mechi inasimamishwa ikiwa 2-2. Mashabiki waliobaki ni 19.

Walirudi uwanjani tarehe 23 Juni. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa katika mgomo, kwa hiyo waandishi wa habari walimiminika Pawtucket. Safari hii zilitosha dakika 18 tu. Zamu ya 33, Dave Koza aliupiga mpira, Marty Barrett akakimbia mpaka nyumbani: 3-2. Kwa jumla walicheza kwa saa 8 na dakika 25. Hadi leo hakuna mechi ya besiboli ya kulipwa yenye zamu nyingi kuliko hiyo.

Boggs, na Cal Ripken Jr. aliyechezea Rochester, baadaye waling'ara ligi kuu na majina yao yamewekwa katika jumba la magwiji kule Cooperstown. Koza hakucheza ligi kuu hata mechi moja.

Hapo ndipo tulipobishana. Tumelelewa na methali ya mvumilivu hula mbivu. Wengine wetu wakasema Koza alivumilia, mbivu wakala wenzake. Wengine wakajibu kwamba mbivu yake aliila siku ile ile ya Juni, ila haikuwa ile aliyokuwa akiingojea. Tulikubaliana jambo moja tu: methali inaahidi mbivu, haisemi ya mti gani.

Tangu 2020, katika mechi za msimu wa kawaida, ligi kuu huanza kila zamu ya nyongeza na mkimbiaji tayari kwenye kituo cha pili, ili mechi ziishe upesi. Usiku kama ule ni vigumu kurudi.

Nanyi mwasemaje? Koza alikula mbivu, au hakula? Tuandikieni, kwa Kiswahili tafadhali.