Mchimbaji, ustaafu wako hautasubiri miaka 60

Wakubwa wetu wanapenda kuwasema vijana wa machimbo. Kijana anapanda kutoka shimoni Rubaya, anauza koltani yake, jioni yuko kwenye baa na marafiki, kesho asubuhi anaomba PDG wa shimo amkopeshe unga. «Hawana akili», tunasema. Mimi naona tuwasikilize kwanza, kiisha tuwaambie ukweli.

Mwenye kula yote leo ana sababu zake, na sababu hizo zimeandikwa katika historia ya inchi yetu. Desemba 1979, Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa mbali na benki walibaki na karatasi mikononi. Kiisha bei za miaka ya 1990 zikala akiba iliyobaki: mwaka 1998, franga ya Kongo ilipoingia, franga moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Hapa Masisi, akiba ya wazee ilikuwa ngombe, na vita vya 1993 na vilivyofuata vilimaliza mazizi mengi. Walioamini benki nao wameona yao: Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Mtu ana dola zake, anazijua, lakini hawezi kuzigusa bila kuvuka mpaka ao kulipa komisyo kubwa kwa anayemtolea.

Kwa hiyo kijana anayesema «ponda mali, kufa kwaja» si mjinga. Ameona waliokula na waliotunza wakikimbia vita njia moja, wote na matandiko kichwani.

Hata hivyo anasahau jambo moja: kabla ya kifo kuna uzee, na katika kazi ya shimo uzee unakuja mapema. Sheria ya usalama wa jamii ya Julai 2016 inaweka umri wa ustaafu kwenye miaka 60. Hiyo ni kwa mwenye mkataba, ambaye mwajiri wake anamlipia michango CNSS. Mchimbaji hana mkataba. Mgongo, magoti na mapafu ndiyo yanayomstaafisha, mara nyingi akiwa bado kijana kwa miaka. Ulaya na Marekani kuna wafanyakazi wa ofisi wanaojinyima ili waache kazi wakiwa na miaka 40, wapate kutembea dunia. Kwao ni uchaguzi. Mchimbaji wetu ataacha mapema, akipenda asipende. Swali ni kama atatoka shimoni na kitu mkononi.

Na si mwili peke yake unaofunga shimo. Walikale wanajua. Miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie ilitolewa msituni kwa migongo ya watu, na ndege zikatua juu ya barabara kule Kilambo kuichukua. Pesa ilikuwa nyingi. Septemba 2010, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Leo Bisie ni mgodi wa mashine wa kampuni ya Alphamin. Hata kampuni hiyo, pamoja na nguvu zake zote, ilisimamisha kazi Machi 2025 waasi walipokaribia, ikarudi mwezi uliofuata. Ikiwa kampuni kubwa inaweza kusimama kwa siku moja, mwenye nyundo na toshi atasemaje kwamba kesho yake ni hakika?

Basi tufanye nini? Sitamwambia mtu anayeweza kufukiwa na udongo wakati wowote aishi kama mtawa. Anywe bia yake, avae vizuri, aende kuona Kisangani kama moyo unataka. Lakini fungu la raha likatwe kabla ya kuuza mzigo, si baada ya chupa ya tatu. Na asile deni. Anayekula kwa PDG mwezi mzima ameuza jasho lake kabla halijatoka, na bei haipangi yeye.

Akiba nayo isilale mahali pamoja. Wamama wanaouza chakula machimboni wametutangulia hapa. Katika AVEC zao, kila mmoja ananunua hisa kila juma, sanduku lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Siri ya usalama wake ni hii: pesa inazunguka kwa mikopo midogo, hivyo mwizi akija anakuta sanduku karibu tupu. Sehemu nyingine iwe mbuzi, ambao wanauzika haraka kuliko ngombe. Sehemu iwe pikipiki, ikiwa itabeba abiria na si wasichana wa Jumapili tu. Na sehemu kubwa iwe ufundi na minervali ya watoto. Anayejua kushona, kuchomelea ao kutengeneza moto anaukimbiza ufundi wake kichwani, na hakuna kizuizi cha barabara kinachouondoa.

Hapo wenye mamlaka nao, wa kila upande, wajitazame. Huwezi kuhubiri akiba kwa mtu unayemtoza kwenye kila kamba iliyofungwa njiani. Benki zifunguliwe, vizuizi vipungue, ndipo tutakuwa na haki ya kuwasema vijana.

Lakini kijana asisubiri siku hiyo. Mgongo wake hausubiri.