Wembe Ulitangulia Kompyuta

Kipindi cha zilipendwa redioni hakiishi bila msikilizaji mmoja kupiga simu na kusema kuwa zamani watu walikuwa wanaimba, siku hizi inaimba kompyuta. Mtangazaji hucheka, akaitikia. Mimi siitikii.

Ni kweli bendi zetu zilipoingia studio za Radio Tanzania zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, kuanzia gita la solo hadi tarumbeta, na aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Lakini hawakuapa kiapo cha uaminifu. Mitambo iliyokuwapo haikuwapa njia nyingine, nasi leo tunausifu uhaba wa vifaa kana kwamba ulikuwa uadilifu. Waliokuwa na vifaa walikata na kuunga mkanda kwa wembe miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia studio. Mwaka 1952 jijini London, mwimbaji wa opera Kirsten Flagstad, akiwa na miaka 56, alirekodi opera ya Wagner, Tristan und Isolde. Noti mbili za juu kabisa aliimbiwa na mwimbaji mwenzake, Elisabeth Schwarzkopf. Rekodi hiyo hadi leo inahesabiwa miongoni mwa zilizo bora za opera hiyo. The Beatles nao, katika Strawberry Fields Forever ya mwaka 1967, waliunganisha rekodi mbili zenye kasi tofauti na ufunguo tofauti, baada ya mafundi wao kubadili mwendo wa mikanda mpaka zikalingana. Hao hakuna anayewapigia simu.

Na kinachofanywa na kompyuta ni nini hasa? Mwimbaji anaingiza ubeti mara nne, mara tano. Fundi anachukua mstari wa kwanza huku, wa pili kule, anaviunga vipande pale wimbi la sauti linapopita kwenye sifuri ili usisikike mlio wa kukatika. Anaishusha "p" iliyopuliza maikrofoni. Besi iliyochelewa anaisogeza mbele kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nusu toni moja ina senti 100; noti iliyozama kwa senti 30 anaipandisha, kisha anaendelea na kazi. Akijua kazi yake, huwezi kupaonyesha mahali alipogusa. Ile sauti ya roboti inayowaudhi wazee imewekwa makusudi, isikike. Auto-Tune, programu inayoitoa, iliingia sokoni mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mtu aliyetokea kwenye uchambuzi wa mawimbi ya ardhini ya kutafutia mafuta. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher akaitumia kwenye wimbo wake Believe ikiwa imekazwa hadi mwisho, na ulimwengu ukaiga. Kuihukumu programu kwa sauti ile ni kuhukumu chumvi kwa mchuzi uliomwagiwa kopo zima.

Tena haifanyi miujiza. Inasogeza noti, lakini neno lililomezwa na mwimbaji hailirudishi, wala haimpi pumzi asiye nayo.

Kama ni lawama, ninayo moja, na ni ya fundi. Programu hizi zikiachwa zilivyo hufuata noti 12 za kinanda. Sasa mwekee mwimbaji wa taarab ya Unguja, ile ya vilabu kama Ikhwani Safaa iliyochotwa Misri, anayeimba kwa Rast, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Noti ya tatu ya Rast inakaa katikati ya noti mbili za kinanda. Programu inaiona kosa na kuivuta upande mmoja, na ladha yote imekwenda. Unaweza kuiamuru isiguse noti hiyo, unaweza kurekebisha neno moja na kuacha wimbo uliobaki. Prodyuza mwenye foleni ya wateja mlangoni huipitisha kwenye wimbo mzima, anachukua hela yake. Masikio hayo ndiyo ya kuyasema.

Wenye hasira ya kutapeliwa waipeleke jukwaani. Umelipa kiingilio, bango limekuahidi onyesho, msanii anapanda na flashi, sauti yake ya studio inatoka kwenye spika yeye akiwa ameshusha maikrofoni anapunga mkono. Wimbo wa studio haukuahidi kuwa uliimbwa kwa pumzi moja. Onyesho limeahidi. Waandaaji wachapishe kwenye bango kama kuna bendi au hakuna, na bei ya tiketi ifuate hapo.